Henry Bergh

Henry Bergh (29 Agosti 1813 – 12 Machi 1888) alikuwa mtetezi wa wanyama kutoka nchini Marekani. Ndiye aliyeanzisha Shirika la Marekani la Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake ASPCA, akaliongoza kwa miaka 22 hadi alipofariki. Sheria aliyoisukuma mwaka 1866 katika jimbo la New York iliigwa na karibu majimbo yote ya nchi hiyo katika maisha yake.

Bergh anakumbukwa kwa farasi aliowaokoa barabarani. Jambo moja lisilotajwa sana ni msimamo wake kuhusu mbwa koko. Jiji la New York lilikuwa na huduma yake ya kukamata na kuua mbwa wa mitaani, na viongozi wake walitaka kumkabidhi kazi hiyo. Alikataa maisha yake yote. Kukataa huko kunasaidia kueleza tofauti kati ya vyama vya kutetea wanyama na huduma za serikali za kudhibiti wanyama, ambazo hata leo watu wengi huzichanganya.

Maisha ya awali

Bergh alizaliwa jijini New York. Baba yake, Christian Bergh, mwenye asili ya Kijerumani, alikuwa mjenzi mashuhuri wa merikebu aliyekuwa na karakana kando ya mto East River. Mama yake aliitwa Elizabeth Ivers. Henry aliingia Columbia College lakini hakumaliza masomo. Mwaka 1839 alimwoa Catherine Matilda Taylor, hawakujaliwa watoto.

Baba alipofariki mwaka 1843, karakana iliuzwa na Henry akabaki na urithi wa kumtosha kuishi bila kazi. Alisafiri Ulaya miaka mingi pamoja na mkewe. Aliandika mashairi na tamthilia ambazo wahakiki hawakuzipenda, na watazamaji vilevile. Huko Hispania alitazama mchezo wa kupigana na fahali akachukizwa nao. Kwa ufupi, hadi alipokaribia umri wa miaka 50 alikuwa tajiri mstaarabu, mrefu, mwenye mavazi nadhifu, asiye na shughuli maalumu.

Mwaka 1863 rais Abraham Lincoln alimteua kuwa katibu wa ubalozi wa Marekani mjini St. Petersburg, Urusi. Siku moja alimwona mwendesha gari akimpiga farasi wake bila huruma, akamwamuru aache. Mwendeshaji alitii mara moja, kwani mbele yake alisimama bwana mkubwa aliyevaa sare ya kibalozi. Bergh alijifunza hapo kwamba neno la huruma husikilizwa haraka zaidi likitoka kwa mtu mwenye alama ya mamlaka. Somo hilo liliongoza kazi yake yote iliyofuata.

Hali ya hewa ya Urusi haikuwafaa yeye na mkewe, akajiuzulu mwaka 1864. Njiani kurudi nyumbani alikaa London na kukutana na viongozi wa RSPCA, shirika la Waingereza la kuzuia ukatili kwa wanyama lililoanzishwa mwaka 1824. Aliona jinsi lilivyopangwa: michango ya watu binafsi, wakaguzi wanaolipwa mshahara, na kesi zinazopelekwa mahakamani.

Kuanzishwa kwa ASPCA

Tarehe 8 Februari 1866 Bergh alitoa hotuba katika ukumbi wa Clinton Hall, New York, mbele ya wafanyabiashara, wanasiasa na watu wengine wenye majina. Tarehe 10 Aprili mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha hati ya kuunda ASPCA, na siku tisa baadaye likapitisha sheria mpya dhidi ya ukatili.

New York ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1829, ila iliwataja farasi, ng'ombe na kondoo tu, na hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuisimamia. Sheria ya 1866 iliongeza wanyama wengine, ikamgusa mwenye mnyama sawa na mtu baki, na kuhesabu uzembe pia kuwa kosa. Muhimu zaidi, mawakala wa shirika waliruhusiwa kuwakamata wakosaji, na Bergh mwenyewe akapewa idhini ya kuendesha mashtaka mahakamani. Sehemu ya faini iliingia katika mfuko wa shirika.

Kwa hiyo ASPCA ilikuwa kitu cha ajabu kidogo tangu mwanzo: chama cha watu binafsi, kinachoishi kwa michango na wosia, lakini wafanyakazi wake wana beji kama polisi. Serikali haikulipa mishahara yao wala haikuwapangia kazi. Bergh hakuchukua mshahara wowote.

Mwaka 1867 sheria iliongezwa makali. Mapigano ya majogoo, mbwa na wanyama wengine yalipigwa marufuku. Kulikuwa pia na vifungu viwili ambavyo wasomaji wengi huvipita bila kuvitazama. Kimoja kilimtaka yeyote anayemfungia mnyama zizini ampe chakula na maji ya kutosha. Kingine kiliruhusu mtu yeyote, mnyama akikaa zizini zaidi ya saa 12 mfululizo bila chakula na maji, aingie humo na kumlisha bila kushtakiwa kwa kuingia. Sheria ilikuwa imeanza kuchungulia ndani ya mazizi, yakiwemo yale ya serikali.

Kazi ya mitaani

Wakati huo New York ilitegemea farasi kwa karibu kila kitu: tramu, mikokoteni ya mizigo, magari ya zimamoto, usafirishaji wa maziwa na makaa. Farasi walifanyishwa kazi wakiwa na vidonda, wakiwa vilema, na pengine hadi wanaanguka na kufia barabarani. Bergh alikuwa akisimama mbele ya tramu iliyojaa kupita kiasi na kuwaamuru abiria washuke, hata kama theluji inaanguka. Abiria walimtukana, lakini walishuka.

Moja ya hukumu za kwanza alizozipata ni ya mchinjaji wa Brooklyn aliyewarundika ndama mkokotenini kama magunia. Alitozwa faini ya dola 10 na kulala jela siku moja. Kesi iliyompa umaarufu, hata hivyo, alishindwa. Mnamo Mei 1866 alimshtaki nahodha wa merikebu iliyoleta kasa kutoka Florida. Kasa hao walilazwa chali safarini, mapezi yao yametobolewa na kufungwa kamba. Watetezi wa nahodha walidai kwamba kasa si mnyama kwa maana ya sheria, na mahakama ikamwachilia. Magazeti yalimdhihaki Bergh kwa wiki kadhaa. Dhihaka hizo zilimfaa kuliko tangazo lolote la kulipia, kwa kuwa baada yake hapakuwa na mtu mjini asiyejua kwamba ASPCA ipo.

Mwaka 1867 shirika lilianza kutumia gari la kubebea farasi waliojeruhiwa, miaka miwili kabla hospitali ya Bellevue ya jiji hilo haijawa na magari ya kubebea wagonjwa. Bergh alipambana pia na wauza maziwa ya ng'ombe waliofungiwa vibanda vichafu na kulishwa machicha ya viwanda vya pombe, na wale waliofanya njiwa hai kuwa shabaha ya bunduki. Mwaka 1870 alivamia ukumbi wa Kit Burns katika mtaa wa Water Street, ambako watu walicheza kamari juu ya mbwa waliopiganishwa na panya. Homa kali ya farasi ilipoenea mwaka 1872, alizuia kampuni za tramu zisiwafanyishe kazi farasi wagonjwa, wakati biashara ya jiji zima ilikuwa karibu kusimama.

Wengi walimchukia. Waliompenda walikuwepo pia: Louis Bonard, mzee wa asili ya Kifaransa aliyeishi kimaskini, alifariki mwaka 1871 na kuliachia shirika mali ya zaidi ya dola 100,000. Jamaa walipinga wosia huo mahakamani, wakashindwa. Fedha hizo ziliiwezesha ASPCA kupata jengo kubwa zaidi.

Shirika na zizi la mbwa la jiji

Tangu katikati ya karne ya 19 jiji la New York lilifungua kila kiangazi zizi la mbwa. Sababu yake ilikuwa hofu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao haukuwa na tiba wala chanjo, na ambao watu waliamini huletwa na joto. Katika miezi ya joto mbwa alitakiwa kufungwa mdomo barabarani. Aliyeonekana bila kifungo cha mdomo aliweza kukamatwa. Mwenyewe alikuwa na muda mfupi wa kumkomboa kwa kulipa ada. Asipokuja, mbwa aliuawa.

Kwa miaka mingi jiji lilimlipa mkamataji kwa kila mbwa aliyemleta. Mtu hahitaji elimu ya uchumi kujua matokeo yake. Vijana wahuni waliwaiba mbwa uani mwa watu, wengine wakiwapokonya wenyewe njiani, ili wapate senti zao. Mbwa mgonjwa ni hatari kumshika, bali mbwa mpole wa nyumbani anakuja mwenyewe ukimwita. Hivyo huduma iliyowekwa ili kuwalinda watu na mbwa wenye kichaa iliwanasa zaidi wale wasio na kichaa.

Wengi waliuawa kwa kuzamishwa majini. Kuanzia mwaka 1877 kilitumika kizimba cha chuma kilichojazwa mbwa, kikainuliwa kwa winchi na kushushwa katika mto East River, kisha kikaachwa chini hadi wote wafe. Mamia waliweza kuuawa kwa siku moja. Waandishi wa habari walikwenda kutazama, na wananchi waliosoma habari hizo walishtuka.

Jawabu jepesi lilikuwa kulikabidhi zizi kwa Bergh. Shirika lake lilikuwa na jina la huruma, mawakala waliozoea wanyama, na mamlaka ya kisheria. Viongozi wa jiji walilitaka lichukue kazi hiyo zaidi ya mara moja, naye akakataa kila mara. Hoja yake ilikuwa kwamba shirika lililoundwa kuwalinda wanyama haliwezi kuwa mkono wa kuwaua kwa ajili ya usafi wa jiji bila kukana msingi wake.

Ili kuelewa uzito wa hoja hiyo, inafaa kuzitazama taasisi hizo mbili kwa jinsi zilivyokuwa wakati ule. Zizi lilikuwepo kwa ajili ya watu. Lilianzishwa kwa amri ya halmashauri, liliendeshwa kwa fedha za umma, na kazi yake ilikwisha pale mbwa anapoondoka barabarani. Kama ameondoka akiwa hai au amekufa, halmashauri haikuuliza. Halikuweza kumkataa mbwa wala kuchagua. ASPCA ilikuwepo kwa ajili ya mnyama. Iliamua yenyewe kesi ipi ifuatiliwe, ilitegemea nia njema ya wachangiaji, na aliyeshtakiwa alikuwa binadamu. Mbwa aliyefikishwa zizini alikuwa kama mtuhumiwa. Mbwa huyohuyo mbele ya wakala wa Bergh alikuwa mlalamikaji asiyeweza kusema.

Kulikuwa na jambo la tatu, na pengine ndilo kubwa. Bergh aliweza kulikagua zizi. Alidai mbwa wapewe maji na chakula kama sheria ya 1867 ilivyotaka, alipinga malipo ya kila mbwa, na aliwalaumu hadharani wakamataji wakatili. Angekuwa yeye ndiye msimamizi wa zizi, lawama hizo zingemrudia mwenyewe, na hapangekuwa na mtu mwingine mwenye beji wa kuuliza.

Msimamo huo ulikuwa na gharama yake, na haifai kuificha. Wakati Bergh akilinda usafi wa jina la shirika, kizimba kiliendelea kushushwa mtoni kila kiangazi. Mbwa waliokufa humo hawakupata nafuu yoyote kwa kuwa aliyewaua alikuwa mtumishi wa jiji na si wakala wa ASPCA.

Njia nyingine: Philadelphia

Jijini Philadelphia mambo yalikwenda tofauti. Caroline Earle White (1833–1916), mwanamke aliyemwendea Bergh mapema ili kupata ushauri, alisaidia kuanzisha shirika la Pennsylvania mwaka 1867. Desturi za wakati ule hazikumruhusu kuingia katika uongozi kwa sababu ni mwanamke, basi yeye na wenzake wakaunda tawi la wanawake mwaka 1869.

Tawi hilo lilifanya lile ambalo Bergh alilikataa. Lilifungua nyumba ya kuwatunza mbwa na paka, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, kisha likakubaliana na jiji kuchukua kazi ya kukamata mbwa wa mitaani. Wakamataji waliowekwa chini ya wanawake hao walitakiwa kuacha ukatili. Baadhi ya mbwa walitafutiwa watu wa kuwachukua. Waliosalia waliuawa, lakini kwa gesi, njia iliyoonekana wakati huo kuwa na maumivu machache kuliko maji au rungu.

White hakuwa mlegevu kuliko Bergh. Mwaka 1883 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupinga upasuaji wa wanyama hai kwa ajili ya majaribio. Aliona tu kwamba mbwa watauawa hata hivyo, na kwamba ni afadhali kazi hiyo ishikwe na watu wenye huruma. Bergh aliona kwamba watu wenye huruma wakiishika kwa muda mrefu, itawabadilisha. Miji mingi ya Marekani ilifuata njia ya Philadelphia.

Kesi ya Mary Ellen

Mwaka 1874 mfanyakazi wa kanisa, Etta Wheeler, alimletea Bergh habari za mtoto wa miaka kumi hivi, Mary Ellen, aliyekuwa akipigwa na mama mlezi wake. Bergh alimtumia wakili wa ASPCA, Elbridge T. Gerry, na mtoto akaondolewa kwa amri ya mahakama. Mama huyo alifungwa mwaka mmoja. Mara nyingi husimuliwa kwamba mtoto aliokolewa kwa kuhesabiwa kisheria kuwa mnyama. Si kweli. Wakili alitumia sheria ya kumleta mbele ya hakimu mtu anayezuiliwa isivyo halali, naye Bergh alisema anafanya hivyo kama raia. Kesi hiyo ilizaa Shirika la New York la Kuzuia Ukatili kwa Watoto.

Misimamo yenye utata

Bergh hakuwa mtakatifu. Aliunga mkono kurudishwa kwa adhabu ya viboko kwa wahalifu, jambo lililowashangaza waliomjua kama adui wa mjeledi. Alikula nyama. Alipinga majaribio yote ya kitabibu kwa wanyama hai, na hakuwa na imani na chanjo. Kuhusu kichaa cha mbwa alishikilia kwamba ugonjwa huo ni nadra sana na kwamba hofu ya watu imepita kiasi. Kwamba hofu ilizidi hatari, alikuwa sahihi. Lakini Louis Pasteur alipoanza kuwachanja watu dhidi ya ugonjwa huo mwaka 1885, Bergh hakuona faida yake, na hapo alikosea. Chanjo ya mbwa, iliyokuja baadaye, ndiyo iliyopunguza kichaa cha mbwa katika nchi nyingi kuliko ukamataji wowote.

Kifo

Mke wake alifariki mwaka 1887. Yeye alifariki nyumbani kwake tarehe 12 Machi 1888, siku ambayo tufani kubwa ya theluji ililifunika jiji na kusimamisha usafiri wote. Alizikwa katika makaburi ya Green-Wood huko Brooklyn.

ASPCA baada ya Bergh

Katazo lake halikudumu. Mwaka 1894, miaka sita tu baada ya kifo chake, sheria ya jimbo iliipa ASPCA kazi ya kutoa leseni za mbwa jijini New York, kuwakamata wasio na leseni na kuwaua wasiodaiwa na mtu. Ada za leseni ziliachwa mikononi mwa shirika ili zigharamie kazi hiyo. Kizimba cha mtoni kiliondoka na gesi ikachukua nafasi yake. Mbwa walipata kifo chepesi zaidi. Shirika kwa upande wake lilipata mapato ya kudumu, na mzigo ambao haukupungua mwaka hadi mwaka.

Kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka mia moja. Kwa muda wote huo mwananchi wa New York alipoona jina la ASPCA aliweza kufikiria wakala anayemtetea farasi, au gari linalokuja kumchukua mbwa wa jirani, na yote mawili yalikuwa kweli. Katika miongo ya mwisho shirika lilifanya kazi kwa mkataba na jiji, likawa linaua makumi ya maelfu ya mbwa na paka kila mwaka, na wakosoaji wake wakubwa walikuwa watetezi wenzake wa wanyama.

Mkataba ulimalizika mwishoni mwa mwaka 1994, ASPCA yenyewe ikiwa imeamua kutouendeleza. Jiji liliunda chombo kingine cha kuendesha makazi ya wanyama, kinachopata fedha kupitia idara ya afya. Mamlaka ya kukamata wakosaji, ambayo Bergh aliyapigania mwaka 1866, ASPCA iliendelea kuwa nayo hadi mwisho wa 2013. Tangu 2014 kesi za ukatili kwa wanyama jijini hushughulikiwa na polisi wa New York, na shirika huwasaidia kwa matibabu ya wanyama na uchunguzi wa kitaalamu.